Istilahi katika Mlango wa Chuo Kikuu

Katika nchi yetu zipo tafsiri nyingi zinazofanywa kila mwaka pasipo kuandikwa popote. Mojawapo, na iliyo nzito kuliko nyingi, ni ile anayoifanya mwalimu wa kidato cha sita anapomweleza mwanafunzi pamoja na mzazi wake masharti ya kujiunga na elimu ya juu. Mkononi anacho kitabu cha mwongozo wa udahili wa shahada ya kwanza, ambacho hutolewa kwa Kiingereza. Mbele yake ameketi mzazi ambaye mashauri yote ya nyumbani kwake, pamoja na lile la kuuza ng'ombe ili ipatikane ada, huyafanya kwa Kiswahili. Mwalimu hakufunzwa ukalimani, wala hakupewa orodha ya istilahi. Naye hana budi kusema. Anayoyasema ndiyo yatakayomwongoza kijana katika uamuzi ambao huenda asipate nafasi ya kuutengua.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo. Hatukusudii kulalamika kwamba Kiswahili kinapungukiwa na istilahi za elimu ya juu, maana hilo si kweli tena. Tangu BAKITA ilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, hazina ya maneno ya taaluma na utawala imekua sana. Hoja yetu ni nyingine: kwamba mengi ya maneno yanayotumika katika mlango wa chuo kikuu yamebebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja, na kwamba anayeumizwa na uzito huo ni mwanafunzi asiye na ndugu aliyekwisha kuupita mlango huo.

Mzigo wa mwalimu umekuaje?

Yafaa tukumbuke kwamba kazi ya kumwandaa mwombaji haikuwa daima juu ya mabega ya shule. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na kwamba aje na mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama. Kwa hiyo mwombaji wa miaka ile alikuwa mtu mzima, aliyekwisha kuzoea fomu za ofisi na lugha yake.

Utaratibu huo umepita. Siku hizi kijana hutoka kidato cha sita moja kwa moja. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, iliendesha mfumo mmoja wa maombi kwa vyuo vyote tangu mwaka 2010. Lakini kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018 kila mwombaji hupeleka maombi yake katika chuo anachokitaka. Uhuru wa kuchagua umeongezeka, na maneno ya kuelewa yameongezeka pamoja nao. Mshauri aliye karibu na kijana huyu ni mwalimu, na chombo cha kwanza cha mwalimu ni lugha.

Neno moja, vipimo viwili

Tuanze na neno ambalo kila mtu hudhani analijua: pointi. Katika matokeo yanayotolewa na Baraza la Mitihani, pointi huhesabiwa hivi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Masomo matatu hujumlishwa, na jumla iliyo ndogo ndiyo bora. Mwenye pointi 3 hadi 9 yumo katika daraja la kwanza. 10 hadi 12, daraja la pili. 13 hadi 17, daraja la tatu. 18 na 19, daraja la nne.

Katika udahili wa chuo kikuu neno hilohilo hugeuka na kuelekea upande wa pili. Huko A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Jumla iliyo kubwa ndiyo bora, na kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusika na programu, yenye jumla isiyopungua pointi 4.

Sasa tuwatazame wanafunzi wawili wa kubuni. Wa kwanza amepata D, D na F. Wa pili amepata E, E na E. Kwa hesabu ya Baraza la Mitihani, wa kwanza ana 4 na 4 na 7, yaani 15. Wa pili ana 5 mara tatu, yaani 15. Wote wawili wana daraja la tatu, pointi 15. Mtaani watapongezwa sawasawa, na pengine huyu wa pili atapongezwa zaidi, kwa kuwa hakuanguka somo lolote. Lakini kwa hesabu ya udahili, wa kwanza ana 2 na 2, yaani 4, na mlango wa shahada uko wazi kwake ikiwa D zake zimo katika masomo yanayotakiwa. Wa pili ana 1 na 1, yaani 2, na mlango huo umefungwa. Mzazi wake akiambiwa kwamba mwanawe "hana pointi za kutosha" ilhali mtoto wa jirani mwenye pointi zilezile amepokelewa, atafikiri nini? Atafikiri kwamba pana upendeleo au hongo. Tatizo kubwa hapa limeletwa na msamiati. Nalo hugeuka kuwa tatizo la imani ya wananchi kwa ofisi zao.

Pana jambo la kuongeza. Waliohitimu kidato cha sita mwaka 2014 na 2015 walipimwa kwa mfumo wa wastani wa alama uliokuwa na daraja la B+, hata thamani ya herufi zao katika udahili ni tofauti: kwao A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Mwalimu anayemsaidia mhitimu wa miaka hiyo anayerudi masomoni hana budi kuyajua haya yote, na neno alilo nalo ni lilelile moja: pointi.

Ubaya wa neno hili haumo katika asili yake ya kigeni. Tungaliweka "alama" mahali pake pote, tungalibaki na ugonjwa uleule katika vazi jipya. Dawa ni kutenganisha dhana. Tunapendekeza hesabu ya Baraza la Mitihani iitwe *pointi za daraja*, na hesabu ya chuo iitwe *pointi za udahili*, na kila mwongozo wa mwalimu uyaweke majina haya mawili bega kwa bega, pamoja na mfano kama huu tulioutoa.

Kuchaguliwa, kuthibitisha, kusajiliwa

Neno udahili, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kuingiza, limekwisha kuota mizizi katika matangazo ya elimu ya juu, nasi hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni kwamba limeachwa lisimame mahali pa hatua nne zilizo tofauti. Kwanza mwombaji huomba. Pili, chuo humchagua. Tatu, ikiwa amechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, yampasa athibitishe chuo kimoja tu kwa namba ya siri anayotumiwa. Nne, hufika chuoni na kusajiliwa. Katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika matangazo mengi, mtu aliyefika hatua ya pili husemwa "amedahiliwa", na aliyefika hatua ya nne husemwa vivyo hivyo.

Madhara yake yako wazi. Kijana aliyeona jina lake katika orodha za vyuo viwili, akaambiwa "umeshadahiliwa", hurudi shambani akiwa na furaha na kungoja siku ya kufungua chuo. Muda wa kuthibitisha unapita, na nafasi aliyopewa huweza kumponyoka. Hakukosa bidii wala akili. Alipewa neno la mwisho kabla ya wakati wake. Hivyo tunashauri kwamba udahili libaki kuwa jina la shughuli nzima, na kwamba kila hatua itajwe kwa kitenzi chake: *kuomba, kuchaguliwa, kuthibitisha, kusajiliwa*. Vitenzi hivi ni vya Kiswahili cha kila mtu, na ubora wake ni kwamba kila kimoja chaonyesha ni nani mwenye zamu ya kutenda: mwombaji, chuo, mwombaji, kisha wote wawili.

Hapa pia tungependa kuligusa neno dirisha. Tangazo husema kwamba "dirisha la udahili limefungwa". Kwa msikilizaji wa kawaida dirisha lililofungwa limefungwa, na pengine mwenye duka amekwisha kulala. Kumbe mara nyingi hufuata dirisha la pili, hata la tatu. Neno *awamu*, ambalo hutumika pia katika matangazo hayo, ni bora zaidi, kwa sababu awamu huhesabika: anayesikia kwamba awamu ya kwanza imekwisha hujua kuuliza habari za awamu ya pili.

Ngazi za vyeti na njia za kuzipanda

Katika ngazi za juu wasanifu wa lugha wamefanya kazi njema. Shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu ni mfululizo unaoeleweka. Hasa uzamivu limependwa kwa kuwa kuzama kunasikika ndani yake. Shida iko chini, mahali ambapo wengi wa vijana wetu husimama: astashahada na stashahada. Maneno haya hutofautiana kwa irabu moja tu, tena irabu iliyo mwanzoni, ambayo husikika kwa shida katika redio na humezwa kabisa katika usemi wa haraka. Kwa maandishi yanafaa. Kwa sikio ni mtego.

Nalo sikio ndilo linalotumika katika kikao cha wazazi. Tofauti kati ya ngazi hizo mbili ni kubwa: mwenye stashahada aliyepata wastani usiopungua 3.0 pamoja na sifa za kidato cha nne zinazotakiwa aweza kuomba shahada ya kwanza, hali mwenye astashahada bado ana ngazi nyingine ya kupanda. Hatupendekezi kuyafuta maneno yaliyokwisha kuenea katika vyeti na sheria. Tunapendekeza tu kwamba katika miongozo ya walimu kila moja lifuatwe na maelezo ya njia: stashahada, yaani diploma, *ifikishayo shahada*, astashahada, yaani cheti, *ifikishayo stashahada*. Kwa mwanafunzi wetu yule wa E tatu, maelezo haya ndiyo yatakayomjulisha kwamba mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi. Neno "umekosa", likisimama peke yake, halimjulishi hilo.

Tahasusi nalo lastahili kutajwa. Ni neno zuri, nalo limeshinda katika matangazo ya serikali, ingawa wanafunzi wenyewe wangali wakisema "kombi". Hata hivyo watumiaji wengi hulichanganya na mchepuo. Inafaa tuseme wazi: mchepuo ni njia pana, kama vile sayansi au sanaa, tahasusi ni mkusanyiko maalumu wa masomo matatu ndani ya njia hiyo. Mwaka 2024, serikali ilipotangaza tahasusi 65, haja ya kutofautisha ilizidi. Kijana huchagua tahasusi anapokuwa kidato cha nne, na uchaguzi huo ndio unaofunga au kufungua programu za chuo kikuu miaka miwili baadaye. Anayetaka udaktari wa binadamu lazima awe na Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hapana bidii ya kidato cha sita itakayoziba pengo la somo ambalo hakulisoma. Kwa sababu hiyo istilahi za mlango wa chuo kikuu zapasa kufundishwa kabla ya fomu ya uchaguzi kujazwa, si baada ya matokeo kutoka.

Mkopo, ruzuku, ufadhili, na bumu

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na inastahili sifa kwa kuwa imekuwa ikitoa mwongozo wake kwa Kiswahili pia. Maneno kama *vitabu na viandikwa*, *chakula na malazi*, *mafunzo kwa vitendo* na *mahitaji maalumu ya kitivo* yamepangwa vizuri, na mzazi akisomewa huelewa fedha ni ya nini.

Lakini nje ya mwongozo huo maneno matatu hutumika ovyo. *Mkopo* hulipwa, *ruzuku*, lililo ndugu wa riziki, ni fedha itolewayo pasipo kurudishwa, *ufadhili* ni msaada wa mtu au taasisi kwa aliyechaguliwa, nao una masharti yake. Msemaji anaposema kwamba "serikali imefadhili" wanafunzi kadha wa kadha, huku akikusudia mkopo, anamfundisha mwananchi kwamba deni ni zawadi. Tena wanafunzi wamejitungia neno lao, bumu, kwa fedha za kujikimu wanazopokea. Ni neno lenye uhai na kicheko, na hatuthubutu kulipiga marufuku. Hata hivyo yafaa lihakikiwe. Bumu hutaja shangwe ya siku ya kupokea, na halina hata silabi moja inayokumbusha siku ya kulipa. Siku hiyo ipo: kutokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyowalemea wengi, iliondolewa mwaka 2021; deni lenyewe halikuondolewa.

Mwalimu mwema atamweleza mwanafunzi mambo haya kabla hajaweka sahihi. Lakini hawezi kuyaeleza ikiwa lugha aliyopewa inaita mkopo ufadhili.

Pingamizi mbili

Wako watakaosema kwamba chuo kikuu hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo kijana asiyeelewa mwongozo wa Kiingereza hastahili kuingia. Hoja hii yasahau kwamba uamuzi wa kusoma si wa kijana peke yake. Mzazi, mjomba, mdhamini na mwenyekiti wa kijiji wote wana sehemu yao, nao hawaombi kuingia darasani. Isitoshe, mwongozo haupimi ujuzi wa lugha. Unaeleza masharti, na masharti yasiyoeleweka hayamtendei haki yeyote.

Wengine watasema kwamba istilahi mpya huongeza mzigo, na kwamba "prinsipo" na "kombi" zinatosha. Twakubaliana nao kwa sehemu. Neno la mkopo linaloeleweka kwa maana moja lisisumbuliwe. Prinsipo, kwa mfano, latumiwa na kila mwanafunzi kwa maana ya ufaulu wa A hadi E. Tungependa mwongozo uandike *ufaulu mkuu*, lakini mwalimu akisema prinsipo hatapotosha mtu. Kipimo chetu si asili ya neno. Kipimo ni hiki: anayelisikia aweze kujua ni jambo gani analopaswa kulitenda, kabla ya siku gani, na ni dhima gani itakayomfuata. Kwa kipimo hicho "pointi" laanguka ingawa limezoeleka, na "kuthibitisha" lapita ingawa ni la kawaida mno.

Mapendekezo

Kwa hayo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, mwongozo wa udahili utolewe kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, kwa istilahi zilizokubaliwa. Pili, orodha fupi ya istilahi hizo, isiyozidi kurasa mbili, itangulie maelekezo yenyewe, ili mwalimu aisome mbele ya wazazi. Tatu, kila istilahi ya ngazi au ya fedha iambatane na mfano wa hesabu, kwa maana mfano mmoja wa pointi 15 wafundisha kuliko fasili tano. Nne, orodha hiyo ijaribiwe kwa kusomwa kwa sauti, mbele ya walimu na wazazi wa shule za mbali na mji, kabla ya kuchapwa. Maana istilahi zetu nyingi zimepimwa kwa jicho la mhariri, na chache zimepimwa kwa sikio la mzazi.

Baraza la lugha lina uwezo wa kufanya kazi hii kwa kushirikiana na Tume, Bodi na Baraza la Mitihani, na gharama yake ni ndogo. Hadi hapo itakapofanyika, tunawaomba walimu wasingoje. Waandike ubaoni pointi za daraja upande mmoja na pointi za udahili upande mwingine. Wavitaje vitenzi vinne kwa mpangilio wake. Waite mkopo mkopo. Wasomaji wetu walio na maneno bora kuliko haya tuliyoyapendekeza watuandikie, ili yajadiliwe katika kurasa hizi kabla matokeo ya mwaka ujao hayajatangazwa.